Mchoraji naye aulizwe kasoma kwa nani

Mwambao wa Tanga na Pangani, mtu akisimama kufundisha dini watu hawamuulizi ana vitabu vingapi kabatini. Humuuliza kasoma kwa nani, na huyo sheikh wake alisoma kwa nani, mpaka silsila ifike kwa mtu anayejulikana. Fundi wa ngalawa hali kadhalika: kazi yake humtaja aliyemfundisha hata kama mwenyewe kakaa kimya. Mchoraji peke yake ndiye tusiyemuuliza. Kijana akimchora mtu na sura ikatoka vile vile, tunasema kajaliwa, tunampiga picha kwa simu, tunaondoka. Jibu hilo la kujaliwa ndilo ninalolipinga hapa. Vipaji vipo, sibishi. Ila jibu hilo limetuzuia kujiuliza kwa nini mwambao uliozaa washairi, masheikh, manahodha na viongozi wa vita una sura chache mno zilizochorwa kwa mikono ya wenyewe. Kilichokosekana ni walimu wa kazi hiyo mahsusi, waliopokezana mmoja baada ya mwingine, na pengo hilo linaweza kuzibwa.

Tuitazame sura moja ya mtu wa huku iliyochorwa. Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan, iliingia bandari ya New York ikitokea Unguja. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren, wakiwamo farasi wa Kiarabu. Mkuu wa msafara alikuwa Ahmad bin Na'aman, katibu wa Sayyid, mtawala ambaye Tanga na Pangani nazo zilikuwa chini ya himaya yake ya biashara na forodha. Meli ilikaa New York miezi kadhaa ikikarabatiwa, na katika muda huo Ahmad alikaa mbele ya mchoraji mmoja kijana, Edward Mooney, akachorwa kwa rangi za mafuta: kilemba, ndevu, na uso wa mtu mzima anayejua kazi iliyomleta. Picha hiyo ikawa mali ya jiji la New York. Leo mtu anayetaka kujua mjumbe wa Unguja wa mwaka 1840 alifananaje anaweza kujua. Akitaka kujua walivyofanana wafanyabiashara wa Pangani wa mwaka huo huo, walioongoza misafara ya bara na kuijaza Unguja pembe, atabaki na majina tu.

Mooney alizaliwa mwaka 1813, kwa hiyo alikuwa na miaka 27, mwanzoni kabisa mwa kazi yake. Wala sina haja ya kumpamba. Hata kwao hahesabiwi miongoni mwa vigogo. Hilo ndilo linaloifanya habari yake iwe na uzito, kwa maana kazi ile haikuhitaji gwiji. Ilimhitaji mtu aliyefunzwa vizuri, na Mooney alifunzwa. Alipita katika chuo cha wasanii cha New York, National Academy of Design, na akasoma kwa Henry Inman, mmoja wa wachoraji wa sura waliokuwa wakitafutwa sana Marekani wakati ule. Inman naye hakujizukia. Mwaka 1814, akiwa mtoto wa miaka 13 hivi aliyekuwa akifikiriwa kupelekwa chuo cha kijeshi cha West Point, alikabidhiwa kwa John Wesley Jarvis awe mwanagenzi wake kwa miaka saba. Masharti ya uanagenzi huo yangeeleweka vizuri na fundi yeyote wa Ngamiani, Tanga. Jarvis alipokwenda New Orleans kutafuta wateja alimchukua kijana wake. Mteja alipokaa, Jarvis alichora uso, kisha turubai ikahamia kwa Inman, aliyejaza koti, kola, mikono ya kiti na pazia la nyuma. Kwa mpango huo walimaliza hadi picha sita kwa wiki. Mwanagenzi hakuruhusiwa kugusa uso mpaka aive, lakini kila siku alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuchora. Hakuna kitabu kinachoweza kumpa mtu ukaribu huo.

Kuna jambo jingine ambalo Inman alilipata kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alipewa kazi ya kunakili sura za wajumbe wa mataifa asilia ya Marekani waliofika Washington kuzungumza na serikali, picha zilizochorwa awali na Charles Bird King. Alinakili zaidi ya 100. Mtu aliyepitisha brashi juu ya nyuso nyingi kiasi hicho, za watu wenye mavazi na rangi tofauti na zake, hawezi kumwona mgeni kuwa kioja tu. Sisemi Mooney alisimama pembeni kazi hiyo ikifanyika. Ninachosema ni kwamba alisoma kwa mtu aliyekwisha kuzoea kuuona uso wa mjumbe wa taifa jingine kuwa uso wa mtu, na mazoea ya mwalimu huingia kwa mwanafunzi bila kutangazwa. Ahmad bin Na'aman alifaidika nayo bila kujua.

Ni kipi hasa kinachorithishwa? Tuchukue ngozi. Anayeanza akiambiwa amchore mtu mweusi hukimbilia rangi nyeusi, au kopo la kahawia, akapaka uso mzima, kisha akaweka macho na midomo juu yake. Uso unatoka kama kinyago kilichopigwa vanishi. Mwalimu humwambia aiweke nyeusi kando, achanganye kahawia na nyekundu, njano ya udongo na buluu kidogo, kisha atazame tena. Paji la uso kwenye mwanga wa dirisha linavuta kwenye buluu, pembe za pua na masikio zinavuta kwenye wekundu, na chini ya taya kuna mwanga hafifu unaorudishwa na shati au kanzu. Kanzu nyeupe hubadilisha shingo ya aliyeivaa. Haya hayagunduliwi kirahisi na mtu aliyejifungia chumbani na picha ya paspoti, kwa sababu taa ya studio imekwisha kuyafuta. Yanahitaji mtu anayekaa mbele yako, na mtu mwingine nyuma ya bega lako akikwambia: hapo umekisia, hukutazama.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki, maana hapa ndipo kuna ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kampala, alianza kufundisha uchoraji katika mazingira ya chuo cha Makerere, na kutokana na juhudi zake ikazaliwa shule ya sanaa iliyokuja kubeba jina lake. Yeye mwenyewe alisoma Slade, London, shule iliyojivunia kuchora mwili wa mtu aliye mbele ya mchoraji. Lakini katika ualimu aliyemwathiri zaidi alikuwa Marion Richardson, mwalimu wa London aliyewaambia wanafunzi wafumbe macho, wasikilize maelezo ya tukio, kisha wachore kile walichokiona akilini. Trowell alikuja na njia hiyo. Alisimulia, wanafunzi wakachora kwa kumbukumbu. Alikuwa na sababu zake, tena za heshima: aliogopa kwamba kuwafundisha Waafrika kanuni za Ulaya za kupima mwili na kina kungeua kile walichokuja nacho. Akayaweka hayo kando kwa makusudi.

Mwanafunzi wake anayetuhusu ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, ambaye baadaye alikuwa mwalimu Makerere na kisha balozi wa kwanza wa Tanganyika huru mjini London. Ntiro alichora maisha ya Wachaga: migomba, mifereji, mavuno, harusi. Picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Ni kazi yenye nguvu. Lakini zitazame picha zake kwa mpangilio, utaona jamii nzima ikitembea, ikilima, ikibeba, na nyuso zake zimefanana. Watu ni wadogo, wamejipanga, na hakuna hata mmoja ambaye ungemtambua ukikutana naye sokoni. Si kwamba Ntiro hakuweza. Njia aliyosoma nayo ilikuwa ya kusimulia tukio, na katika tukio kinachoonekana ni kazi ya wengi. Kikubwa zaidi ni kwamba kati ya 1952 na 1955 alikwenda kusoma Slade, pale pale alipotokea mwalimu wake, wanafunzi wakiketi siku nzima mbele ya mtu mmoja. Alirudi akichora kama alivyokwenda. Miaka mitatu ya London haikufuta kile alichopewa Kampala. Anayedhani kwamba mwalimu wa kwanza ni mlango tu wa kupitia na ajitahidi kulieleza hilo.

Silsila haikuishia kwa Ntiro. Jak Katarikawe, kijana wa Kigezi aliyekuwa dereva Kampala, alijulishwa kwa Ntiro, naye Ntiro akampa vifaa, moyo na mwongozo. Katarikawe akaja kuwa mmoja wa wachoraji wapendwa wa Afrika Mashariki kwa ng'ombe wake na ndoto zake, mpaka alipofariki mwaka 2018. Kutoka Richardson kwenda Trowell, Ntiro, hadi Katarikawe kuna vizazi vinne vya watu wanaochora kutoka ndani. Vimetupa hazina, na mtu asinisome kama ninaidharau. Lakini sura ya mtu mmoja mwenye jina lake haimo katika urithi huo, na aliyeipokea hakuweza kurithisha alichokuwa hakupewa.

Tanga yenyewe inaingia katika habari hii kwa mlango wa shamba la mkonge. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950, kabla ya kwenda Dar es Salaam na kuanza, mnamo 1968, kuchora kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Hapa msemaji wa kipaji hupata nguvu: huyu hakusoma kwa yeyote, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima! Ni kweli kwamba hakuna shule ya sanaa iliyomlea. Lakini mtindo ule uliishi kwa sababu nyingine. Tingatinga alichora kwa miaka minne hivi tu, kisha mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Kama kazi yake ingekuwa kipaji peke yake, ingezikwa naye. Haikuzikwa kwa kuwa alikwisha kuwakalisha wanafunzi, wengi wao jamaa zake: Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, na Omari Amonde. Nao wakafundisha wengine. Mtu aliyeishi maisha mafupi ya kazi akawa mwalimu aliyefanikiwa kuliko vyuo vingi. Ila angalia tena walichopokea: mraba wa hadibodi, rangi inayong'aa, mnyama mmoja katikati. Hiyo ndiyo iliyoenea hadi kila duka la watalii. Uso wa mtu haukuwa sehemu ya somo, na zaidi ya miaka 50 baadaye bado si sehemu yake.

Nikikaa kidogo kwenye mkonge ni kwa sababu hakuna mahali katika nchi hii palipowanyima watu sura kama pale. Manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali walipata jina hilo kutokana na namba walizoandikiwa. Mfanyakazi alikuwa na kipande, karatasi ya siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama ilipokamilika. Mwandishi wa historia anaweza kutuambia tani zilizosafirishwa kupitia bandari ya Tanga, maana namba za bidhaa zilitunzwa vizuri kama namba za watu. Mkoa uliojengwa kwa mikono hiyo una sababu ya pekee ya kutaka kazi ya uchoraji inayomchukua mtu mmoja, ikampa masaa kadhaa ya kutazamwa, na ikaandika jina lake chini.

Watu wa mwambao wataleta hoja ya dini, na ina haki ya kujibiwa kwa adabu. Wapo wanaoshikilia kwamba kuchora chenye roho hakufai, na msimamo huo una wanazuoni wake. Sitajifanya mufti hapa. Lakini kama maelezo ya kihistoria ya upungufu wetu, hoja hiyo haitoshi. Ahmad bin Na'aman alikuwa Mwislamu, katibu wa mtawala Mwislamu, na alikaa akachorwa. Katika makumbusho ya kasri la Unguja sura za masultani zimetundikwa ukutani kwa rangi za mafuta. Miongoni mwa wanafunzi wa Tingatinga mna majina ya Kiislamu, na baba yake mwenyewe alikuwa Mwislamu. Studio za picha zimejaa mwambaoni tangu karne ya 19, na sijui nyumba ngapi za Tanga leo hazina picha ya harusi ukutani. Asiyetaka kuchorwa kwa imani yake asichorwe. Ila wengi wetu tulikwisha kukubali sura ukutani zamani; tulichoacha kwa wengine ni kuitengeneza kwa mkono.

Hiyo picha ya harusi inaleta hoja ya pili: simu imekwisha kuimaliza kazi ya mchoraji wa sura. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kamera ingekuwa imeua kazi hiyo kwingineko, na haijaiua. Pia ingekuwa na nguvu kama watu wa kawaida wasingeitaka, lakini vijana wanaochora sura kwa penseli wanapata wateja wa zawadi za ndoa, mahafali na kustaafu. Wanachora kutoka kwenye simu, mraba kwa mraba, na uhodari wao wa kunakili ni wa kustaajabisha. Lakini kazi zao zina kasoro ile ile ya chanzo chake: mwanga umechaguliwa na kamera, na mchoraji hajakutana na anayemchora. Siwalaumu, hawakufundishwa njia nyingine. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alituonyesha katika wasifu alioandika wa mwimbaji Siti binti Saad kwamba kumweleza mtu ni kuchagua, kuacha na kutilia mkazo, kazi ambayo mashine hairahisishi. Mwambao huu unajua kuchora watu kwa maneno kwa sababu maneno yalikuwa na walimu.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi, nayo ni ya Trowell mwenyewe. Je, kufundisha uchoraji wa sura kwa njia ya Jarvis na Inman si kuwapa vijana wa Tanga macho ya kukopa? Hofu hii ilikuwa na maana mwaka 1937, mtawala alipokuwa ndiye mwalimu. Hata hivyo imebeba dhana ngumu kuitetea, kwamba kutazama ni mali ya Ulaya na kukumbuka ni mali ya Afrika. Fundi anayechonga mlango, mshonaji anayemkadiria mtu kanzu kabla ya kushika utepe, nahodha anayesoma rangi ya maji juu ya mwamba, wote wanaishi kwa kutazama. Kinachofanana na hofu ya Trowell ni ile ya wanaosema uanagenzi huzaa nakala, wakitaja maduka ya watalii kuwa ushahidi. Lakini maduka yale yaliharibiwa na mnunuzi anayetaka twiga yule yule kila siku, na sura haiwezi kuuzwa hivyo, kwa kuwa kila mteja ana uso wake. Tena kunakili si aibu. Mwaka 1865 moto katika jengo la Smithsonian uliteketeza sehemu kubwa ya picha za asili za King, na nyuso nyingi za wajumbe wale leo zinajulikana kwa sababu Inman alizinakili.

Kinachowezekana Tanga si kikubwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao ufundi wa kupaka rangi na kuandika mabango, na wapo mafundi wa mabango mjini wenye mikono thabiti kuliko wahitimu wengi wa sanaa. Mtaala mpya wa sekondari umeleta mkondo wa amali, na sanaa imo ndani yake. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iko Bagamoyo, mwambao huu huu. Hofu yangu ni kwamba tutatumia fursa hiyo kutunga silabasi, tuchapishe vitabu, tuweke mtihani wa maswali ya kuchagua kuhusu aina za brashi, na mwisho wa yote tusiwe na mtu hata mmoja aliyewahi kusimama nyuma ya fundi. Ni bora halmashauri imwajiri mchoraji mmoja wa sura aliyeiva, hata kama hana shahada, impe chumba chenye dirisha kubwa na wanagenzi wanne kwa miaka minne. Boma la zamani mjini Tanga, lililogeuzwa makumbusho ya urithi, lina historia ya mji ukutani na lina nafasi ya kupokea nyuso.

Nitaulizwa fedha zitoke wapi huku shule hazina madawati. Jibu liko kwenye karakana ya Jarvis: kazi ijilipe. Vyama vya wafanyakazi, misikiti na makanisa, shule kongwe, mamlaka ya bandari na familia zenye uwezo zote zina watu wanaotaka kuwaenzi, na sasa zinawaenzi kwa ngao za plastiki zenye jina lililokosewa herufi. Fundi achukue oda hizo kwa bei ya kazi ya mkono. Yeye achore uso, wanagenzi wa mwaka wa kwanza wajaze kanzu, kofia na ukuta wa nyuma, wa mwaka wa tatu waachiwe mikono, ambayo ni migumu karibu kama uso. Na siku za katikati ya wiki, oda zinapopungua, kiti cha mbele ya dirisha wapewe wazee waliokata mkonge Muheza na Korogwe, walipwe posho ya kukaa kwao, na jina kamili la kila mmoja liandikwe nyuma ya turubai kabla rangi haijakauka.